Wifi, Inuka Utembee

Kpando,
14 Januari 2012

Wifi yangu Esinam,

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Nikisema "halo" tu, mama yako ameshakuja kukaa ukingoni mwa kitanda, na kaka yako ameiweka randa chini huko uani, amenyamaza kimya anasikiliza. Barua ni yangu peke yangu. Mama yuko kanisani kwenye kwaya. Kosi ataipeleka kituoni, ampe dereva wa basi la Accra. Ameniapia hataifungua, na namwamini, maana yule mume wangu hata karatasi ya dawa anaona uvivu kuisoma.

Basi nimerudi. Titi la kushoto limekwenda, dawa za mshipani zimekwisha, nywele zinaota kama manyoya ya kifaranga. Daktari alinipa mkono akasema, "Umepambana vizuri, sasa nenda nyumbani." Nikadhani nyumbani ni nyumbani kwangu. Kumbe ni kitandani.

Wifi, nimelazwa. Mama ananilisha kwa kijiko. Akple ananikatia matonge madogo kama ya mtoto, ananichovyea kwenye mchuzi wa bamia, ananifuta kidevu. Nikinyanyua kikombe ananipokonya. Juzi nilikwenda uani mwenyewe kuutazama udongo wangu wa kufinyangia vyungu. Ulikuwa umekauka chini ya gunia, umepasuka. Niliinama nikaugusa tu. Mama akapiga kelele hadi majirani wakaja. Akalia, wifi, si mchezo. Akasema, "Ugonjwa umelala. Unautafutia nini? Usiuamshe."

Kila jioni wanawake wa kanisani wanakuja, wanazunguka kitanda, wanazungumza kwa sauti ya chini kama niko ndani ya jeneza na mtu amesahau kufunika. Wananiombea. Mimi nawatazama vidole tu, nafikiri: huyu angekuwa mfinyanzi mzuri, huyu hapana.

Mkono wa kushoto haupandi kupita sikio. Nikivuka chumba, moyo unadunda kama nimepanda mlima. Nalala mchana kutwa na bado nimechoka. Sijawahi kuchoka hivi hata siku za kuchoma vyungu.

Wewe ndiye mwenye kazi ya kunyoosha watu huko hospitali kubwa. Niambie ukweli, usinibembeleze. Nikitembea, ugonjwa utaamka?

Wifi yako mlala hoi,
Akorfa


Accra,
23 Januari 2012

Mlala hoi wangu,

Nimecheka hadi mgonjwa wangu akaniuliza kama nimepata bwana. Kisha nikalia kidogo chooni, lakini hilo halikuhusu.

Jibu la swali lako ni hapana. Saratani haina usingizi wa kuamshwa na miguu ya mtu. Ningekuwa karibu ningekuja kukutoa kitandani kwa kukushika sikio. Ule uchovu unaousema tunauona hapa kila siku, na dawa yake ndiyo hiyo mnayoiogopa. Anayelala sana huchoka zaidi. Misuli inasinyaa, pumzi inakuwa fupi, moyo unazama. Wanaotembea kidogo kidogo hula vizuri, hulala vizuri, na wanakuwa na roho ya kugombana na madaktari. Nina mzee mmoja hapa, polisi mstaafu, ana saratani ya utumbo. Alipokuja hakutaka hata kukaa. Sasa anapiga gwaride ukumbini na kuwakaripia wauguzi kwamba hawanyooshi magoti.

Fanya hivi. Asubuhi toka kitandani hadi mlangoni, rudi, pumzika. Ukizoea, nenda hadi jikoni. Ukizoea hilo, hadi barabarani. Usishindane na mtu. Ukiweza kutembea huku unasengenya, mwendo ni mzuri. Ukikosa pumzi ya kusengenya, punguza. Kwa mkono, simama mbele ya ukuta, vidole vipande polepole kama buibui, ukifika panapovuta subiri hapo, kisha shuka. Kesho vitafika juu kidogo.

Ila kuna jambo moja sitanii nalo. Kuchoka ni sawa, na misuli kuvuta ni sawa. Lakini maumivu yakiwa ndani ya mfupa, mgongoni, nyongani au pajani, yale yasiyotulia hata ukilala, hapo unasimama. Hutembei tena hadi daktari akuone, halafu unaniambia mimi. Mtu mwenye ugonjwa wako hafichi maumivu ya mfupa. Nakuambia kama wifi na kama mtu wa kazi hii.

Mama nimemwandikia barua yake, nimeiweka humu humu ndani. Mpe akiwa ameshiba.

Wako,
Esinam


Kpando,
2 Februari 2012

Mwanangu Esinam,

Karatasi yako nimeisoma. Maandishi yako bado mabaya kama ya daktari, na wewe si daktari.

Nimeuguza watu kabla hujazaliwa. Nilimwuguza baba yako. Nilimwuguza dada yangu Dzatsui, unamkumbuka, aliyekuwa na uvimbe shingoni. Alikuwa amelala vizuri. Siku ya Pasaka akasema ana nguvu, akainuka, akasonga akple kwa mikono yake, tukacheka naye jikoni. Kabla ibada ya jioni haijaisha alikuwa amekufa. Mimi ndiye niliyempa mwiko.

Akorfa aliingia nyumba hii akiwa msichana mwembamba ambaye hata kuchambua dagaa hajui. Nimemfundisha kila kitu isipokuwa udongo, huo alikuja nao. Wewe uko mbali. Mimi ndiye ninayemfua na kumkanda na kusikiliza kama bado anapumua. Nikimpoteza kwa sababu ya maneno ya vitabu, nitamwuliza nani?

Lakini mkaidi wako ameshaisoma yake. Jana nilisimama mlangoni nikafungua mikono, nikamwambia, "Utapita juu yangu." Akasema, "Mama, juu siwezi, mguu haujapanda kiasi hicho. Nitapita ubavuni." Na akapita.

Sijafurahi.

Mama yako,
Mawusi


Kpando,
18 Machi 2012

Wifi, wifi, wifi!

Nimefika kwenye shimo la udongo!

Nilianza mlangoni kama ulivyoniagiza. Siku za kwanza nilikuwa narudi kitandani kama mlevi. Mama ananifuata nyuma na kigoda, nikisimama tu ananisukumia kigoda matakoni. Halafu jikoni. Halafu barabarani, ambako nilimkuta Adzovi na wenzake bombani.

"Akorfa, si tulisikia unaumwa?"

"Naumwa."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuumwa mbele kidogo."

Wakaangua kicheko, na Adzovi akaweka ndoo chini akanisindikiza. Kuna wanaosema kama naweza kutembea basi sikuwa na kansa, tulikuwa tunatafuta huruma. Wengine wanasema Esinam ametuma dawa za kizungu ndani ya bahasha. Waache waseme.

Mkono umepanda! Buibui wako amefika juu ya kalenda ya kanisa, anataka kuvuka mlango. Nimejifunga kitambaa mwenyewe kichwani kwa mikono miwili, nikajitazama kwenye kioo, nikamwita Kosi aje aone. Alisimama pale na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alitoka nje nikasikia anapiga nyundo, na najua fika hakuwa na kitu cha kupigilia.

Na sasa habari yenyewe. Nafinyanga. Nilianza na vibakuli nikiwa nimekaa, kisha juzi nikaweka bonge kubwa uani, nikainama, nikaanza kulizunguka kinyumenyume kama zamani, mkono mmoja ndani, mmoja nje, udongo unapanda. Wewe unajua mtungi wa sisi Wakpando hauzungushwi, ni mtu anayeuzunguka. Basi wifi, hayo ndiyo matembezi yangu. Nikiuzunguka mtungi nasahau kabisa kwamba niliwahi kukatwa. Mwili unakuwa wangu tena.

Nala kama mfungwa aliyeachiwa. Nalala vizuri pia, na mto wa Kosi chini ya kiuno, maana ukimaliza kuinama unajua mwenyewe kiuno kinavyodai haki yake.

Asante. Sina neno jingine.

Akorfa mtembezi


Accra,
5 Aprili 2012

Mtembezi wangu,

Barua yako nimewasomea wagonjwa wangu. Yule polisi amesema akipona atakuja Kpando kukupigia saluti. Nilipowasomea habari ya kujifunga kitambaa, mama mmoja aliyekuwa amegoma kabisa kuinua mkono aliuinua bila mtu kumwambia.

Lakini mto chini ya kiuno ni wa nini?

Nijibu vizuri, si kwa mzaha. Kiuno kinauma ukiinama tu au hata ukiwa umelala? Kinauma upande mmoja? Kinashuka kwenye paja? Usiniambie habari za wafinyanzi wote. Wafinyanzi wote hawakukatwa titi. Kama kuna chochote, ifikapo siku yako ya kliniki mwambie daktari akupige picha ya mifupa. Na usiinamie mtungi mkubwa kwanza, kaa kwenye kigoda.

Niliomba likizo nije Pasaka, nimenyimwa, watu ni wachache. Nijibu upesi.

Esinam


Kpando,
22 Aprili 2012

Wifi yangu mpelelezi,

Ala! Mtu hawezi hata kulalia mto wa mumewe bila kuhojiwa? Mto ni wa uzee. Kiuno kinauma kama kiuno, kikichoka kinauma, kikipumzika kinaacha. Kliniki nilikwenda, daktari akasema ninang'aa. Lala usingizi wako.

Nikupe habari ya maana. Mama anatembea na mimi!

Ilianza kwa ujanja. Jumanne natoka, namwona amevaa viatu vyake vya ibada na ameshika ule mwamvuli wa bluu. Namwuliza, "Mama, wapi?" Anasema, "Usidhani nakufuata. Nakwenda zangu sokoni." Siku hiyo hakuna soko. Tukatembea pamoja hadi kwenye njia panda, yeye ananiwekea kivuli, mimi nikijifanya sioni. Watu wakitusalimia anawaambia, "Tunakwenda sokoni," na wao kwa heshima zao wanasema, "Mkauze salama, Mama."

Sasa ni kila asubuhi. Ananisimulia mambo, wifi, mambo ambayo sidhani kama wewe uliyezaliwa naye unayajua. Kwamba aliwahi kutoroka nyumbani kumfuata mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa. Kwamba baba yako alimfuata kwa baiskeli hadi Hohoe na kumrudisha, na njia nzima hawakusemeshana. Kwamba siku dada yake Dzatsui alipokufa, yeye alivunja ule mwiko akautupa kwenye moto. Ananisimulia akiwa anatazama mbele, kwa sababu njiani watu hawatazamani, nadhani ndiyo maana inakuwa rahisi.

Juzi alicheka hadi akajishika ubavu. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake kikitoka chote.

Hata kama nisingepata kingine kutokana na kutembea huku, hicho kinatosha.

Nina mitungi ya kuchoma kabla mvua hazijakolea. Usinichunguze tena, nina kazi.

Akorfa wako


Kpando,
9 Juni 2012

Esinam,

Akorfa ameanguka.

Alikuwa uani anauzunguka mtungi. Hakujikwaa. Hakuteleza, palikuwa pakavu, nilikuwa nimefagia mwenyewe. Nilikuwa nimekaa pale pale nachambua bamia. Nikasikia mlio, mkavu, kama mtu amevunja kuni. Kisha akaanguka juu ya mtungi wake mbichi.

Tumempeleka hospitali ya Ho kwa gari la kukodi, kila shimo la barabara analia. Daktari ametuonyesha picha. Mfupa wa nyonga umeliwa. Uti wa mgongo pia. Kosi aliitazama ile picha kwa muda, halafu akasema, "Hii ni mbao iliyoingiwa na mchwa."

Nilikuambia. Nilikuambia kwa mkono wangu, barua unayo. Alikuwa amelala, ugonjwa umelala. Ukamwambia ainuke. Ukamwambia atembee, akatembea, na kila hatua ugonjwa ulikuwa unashuka kwenye mifupa yake. Na mimi mjinga nikamshikia mwamvuli.

Dada yangu nilimpa mwiko. Huyu nimempa mwamvuli.

Usipige simu. Sitaki kusikia sauti yako sasa.

Mawusi


Accra,
12 Juni 2012

Akorfa,

Nampa barua hii muuguzi wa hapa kazini anayekwenda Ho, atakuletea mwenyewe kitandani.

Sijui nikuandikie kama nani. Nilikuuliza. Niliuliza kiuno kinauma vipi na wapi, ukaniita mpelelezi. Nimezisoma barua zako zote tena, na sasa naona kila mahali ulipocheka, palikuwa panauma. Kweli daktari wa kliniki ulimwambia? Au alikuambia unang'aa kwa sababu uliingia unang'aa?

Nimemwendea bosi wangu na mtaalamu wa mifupa, nimewauliza kama mjinga, kama ni mimi niliyekuvunja. Wamenijibu kwamba kutembea hakuuchochei ugonjwa wala hakuupeleki popote. Hilo nalijua, nimelifundisha. Lakini wangejua mapema ungepigwa mionzi mahali palipoliwa, ungepewa dawa ya kuukaza mfupa, fimbo ya kutembelea, mazoezi ya kukaa. Usingeinama. Kulikuwa na kitu cha kufanya, Akorfa. Hicho ndicho kinachoninyima pumzi. Sijawahi kukuambia uchague kati ya kitanda na kuvunjika. Kulikuwa na njia ya katikati na mimi ndiyo kazi yangu kuijua, na hukunipa nafasi.

Mama hataki kunisikia. Ana haki.

Nimekasirika na wewe kuliko nilivyowahi kukasirika na mtu. Nakupenda. Nijibu kweli safari hii.

Esinam


Ho,
20 Juni 2012

Wifi,

Kasirika. Inanipa nguvu kuliko maombi ya hapa.

Wamenitia vyuma mguuni, lakini wamesema mguu huu hautanibeba tena, na mgongo haufai kushughulikiwa. Wameniambia kwa upole sana, kwa hiyo nimeelewa. Ninaandika kidogo kidogo, ukiona mwandiko umebadilika ujue nilisinzia katikati.

Nitasema kweli. Kiuno kilikuwa kinauma nikiwa nimelala. Kilikuwa kinashuka kwenye paja. Daktari sikumwambia. Nilijipaka podari, nikatembea mbele yake nimenyooka, nikatabasamu.

Unauliza kwa nini. Wifi, ningesema neno "naumwa", hiyo njia yako ya katikati nani angeiamini nyumbani kwetu? Wewe ungesema fimbo, Mama angesikia kitanda. Ningerudishwa kwenye kijiko. Nilikuwa nimepata miezi ya kuwa mtu. Sikuwa tayari kuirudisha. Najua sasa kwamba ningeweza kuipata na mingine zaidi kama ningekuambia. Sasa najua. Najua sana, hasa usiku. Kwa hiyo waambie hao wagonjwa wako. Waambie kuna mwanamke wa Kpando aliyeona aibu ya maumivu.

Na kuna jambo jingine, nataka ulisome taratibu.

Hayakuanza na kutembea. Yalianza Januari, kabla hujaniandikia. Nilipokuwa nimelazwa pale kwangu nalishwa, tayari kulikuwa na kitu kinanichoma nyongani, nikadhani ni godoro. Mama alikuwa ananikanda pale pale na mafuta ya mawese, mkono wake uko juu yake kabisa, ananiimbia. Hakujua. Hata mimi sikujua.

Kwa hiyo si wewe, wifi. Huna deni hata kidogo, na nimekuandikia ili uwe na neno hili kwa mwandiko wangu.

Lakini usimwambie Mama.

Nisikilize kwanza. Akijua kwamba ugonjwa ulikuwa unakula chini ya mikono yake, kwamba kitanda chake hakikuulaza wala hakikunilinda, hatabaki na kitu. Tayari anambeba Dzatsui. Sasa hivi ana wewe wa kumlaumu, na kumlaumu mtu kunamsimamisha asubuhi, namwona, anakuja hapa amekunja ndita, ananichania nywele, anakutukana kimoyomoyo, anaishi. Wewe unaweza kulaumiwa ukaendelea kuwa mzima. Yeye hawezi.

Najua ni kikubwa ninachokuomba.

Halafu niambie, kuna mazoezi ya mtu asiyeinuka? Mikono bado inataka kazi.

Akorfa


Accra,
26 Juni 2012

Akorfa wangu,

Yapo. Vuta pumzi hadi mbavu zifunguke, iachie polepole kama unapuliza moto wa majani. Kunja na kunjua vifundo vya miguu, mguu mzima na ule mwingine kadiri unavyoweza. Inua mikono, shusha. Kosi akuletee bonge la udongo laini ndani ya nailoni, liwe kitandani, ulikande kwa vidole mpaka uchoke. Na safari hii ikiuma unasema inauma, unaomba dawa, huandiki mzaha.

Mtu lazima akugeuze na kukunja viungo vyako asubuhi na jioni. Nimemchorea Mama picha kwenye karatasi ya pili bila maneno mengi, asione kama ni mimi ninayemfundisha. Sema ni ya hospitali.

Na lile jambo uliloniomba, sawa.

Naja Jumamosi ya wiki ijayo. Ningekuja leo kama ningeruhusiwa.

Esinam


Kpando,
17 Novemba 2012

Mwanangu Esinam,

Tangu mazishi ya Akorfa hatujazungumza. Uliingia usiku ule ambao tayari alikuwa amekwenda, ukasimama mlangoni na mkoba wako, nami nikageuka nikaendelea kumvalisha. Siku ya kuzika ulikaa mstari wa nyuma na nguo yako nyeusi kama mgeni, na sikukuita mbele. Niliona. Usidhani sikuona.

Nataka nikuambie alivyokwenda, maana hukuniuliza na mimi sikukuambia.

Ile karatasi ya picha niliijua ni yako, hospitali gani inachora binadamu wenye vichwa kama viazi? Lakini niliifuata. Nilimkunja magoti, nilimzungusha vifundo, nilimgeuza. Mwanzoni niliogopa hata kumshika. Akasema, "Mama, mimi si yai." Ikawa kila asubuhi na jioni, na nikimkunja tunazungumza. Alikuwa na udongo mkononi muda wote. Kucha zake nilizisafisha mwisho kabisa, kabla ya kumfunika, na sikuweza kuutoa wote, nikauacha. Siku ya mwisho alisema anataka kukaa. Nikapanda nyuma yake kitandani, nikamwegemeza kifuani kwangu, tukakaa hivyo tukitazama dirishani watu wakipita kwenda kazini. Akawa anawakosoa wanavyotembea. Kisha akawa mzito.

Kosi hafanyi kazi vizuri, lakini anafanya. Anakula nikimwekea.

Sasa sababu ya kukuandikia. Yule Yawa wa nyumba ya chini, mke wa mwuza vitambaa, amekatwa titi mwezi uliopita. Mabinti zake wamemlaza. Nilikwenda na wanawake wa kanisani tukazunguka kitanda, tukaongea kwa sauti ya chini, na nikamwona yule mwanamke anatazama mlango. Esinam, jinsi alivyokuwa anautazama ule mlango.

Nikawafukuza wote. Nikamwuliza kama mifupa inamwuma, mmoja mmoja, nikibonyeza, kama ulivyomfundisha Akorfa aseme na hakusema, jambo alilokuja kuniambia mwenyewe. Nikawaambia mabinti wampeleke kliniki kwanza wamwangalie, nami nikaenda nao nikamhoji daktari hadi akachoka nami. Wakasema mifupa ni mizima. Basi nikampeleka hadi mlangoni, tukarudi. Jana tumefika bombani. Binti yake mkubwa alinisimamisha njiani, akasema, "Bibi, unataka kumwua mama yetu kama mlivyomwua Akorfa?"

Nikamwambia, "Pisha."

Sijui kwa nini nafanya hivi. Bado naamini ule mguu ulivunjwa na kutembea. Sijabadilika hapo, na wewe utasema vitabu vyako. Lakini nimekumbuka pia zile asubuhi za njia panda, na nikijiuliza kama ningependa zisiwepo, siwezi kusema ndiyo.

Mimi ni mzee. Nimekaa na hasira juu yako tangu Juni na imenichosha. Ulikuwa mbali, ulimpenda, ulifanya ulichojua. Nimeamua kukusamehe. Nimekusamehe, Esinam. Usilibebe tena, mwanangu. Njoo Krismasi, ulale chumbani kwangu.

Mama yako,
Mawusi


Accra,
25 Novemba 2012

Mama yangu,

Barua yako niliipokea nikiwa kazini, nikaisomea uani kwenye benchi. Mgonjwa wangu alikuja kunitafuta akanikuta, akakaa pembeni yangu, tukasubiri wote wawili hadi nikaweza kusimama.

Yawa mwendee asubuhi, kabla jua halijawa kali. Asiporuhusiwa na mabinti, mtembeze uani. Akiweza kutembea huku anasengenya, mwendo ni mzuri. Endelea kumwuliza kila siku anavyojisikia, hata akikuambia umemchosha. Mkono wake aupandishe ukutani kwa vidole, wewe unajua, ulimwona Akorfa akifanya.

Kosi mwambie nitakuja na misumari aliyoniagiza.

Nitakuja Krismasi. Nitalala chumbani kwako.

Asante kwa kunisamehe, Mama.

Mwanao,
Esinam